Panadol 22 na neno moja lisilotoka

Msomaji wa Tanga, fundi simu wa miaka 34, amemwandikia Shangazi kwamba droo yake imejaa Panadol, pakiti 22. Kichwa hakimuumi. Kila jioni huingia duka la dawa akiwa amekariri la kumwambia dada muuzaji, akifika kaunta koo linamkauka, viganja vinalowa jasho, naye anatoka na Panadol. Rafiki yake anamshauri apige Konyagi kwanza. Mama yake anataka kutuma mshenga.

Konyagi, hapana! Pombe huuficha woga kwa saa mbili, kisha mtu akaamka akiamini kuwa bila chupa hawezi. Mshenga naye kazi yake ni kupeleka posa. Hampigii mtu soga.

Wapo watakaomsifu kwamba ana haya. Lakini haya humzuia mtu kuropoka, haimfungi mdomo jioni baada ya jioni. Woga wa aina hii ulitambuliwa rasmi mwaka 1980 katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, na tiba yake mojawapo ni kumzoesha mtu lile analoliogopa, kidogo kidogo.

Aliyejitibu hivyo ni Albert Ellis, mwanasaikolojia wa New York. Akiwa na miaka 19, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akiwaogopa wanawake mno. Basi akajipa kazi: kwa mwezi mzima aende bustani ya mimea ya Bronx, na kila akimwona mwanamke ameketi peke yake, akae naye benchi moja na aanze kuzungumza kabla dakika moja haijaisha. Aliwaendea 130. Thelathini waliinuka wakaondoka. 100 wakazungumza naye. Mmoja tu alikubali miadi, na siku ya siku hakutokea! Ila hakuna aliyeita polisi, na woga ukamwisha. Mwaka 1955 alianzisha tiba yake ya kupambana na fikra potofu.

Ellis hakujipima kwa wangapi wamemkubali. Alihesabu wangapi amewasemesha, na hapo ndipo fundi wetu anapokosea: anataka sentensi ya kwanza ibebe mapenzi mazima.

Kama woga unamkamata hata msibani au mbele ya wateja, aende hospitali ya rufaa ya mkoa aulizie huduma za afya ya akili. La sivyo, kesho aingie dukani, asalimie, aulize bei ya dawa ya meno, kisha amwulize dada jina lake. Panadol aziache.