Utomvu wa Miti Juu ya Rangi ya Gari: Somo la Viyeyushi

Gari liegeshwapo chini ya mti hupata kivuli, lakini mara nyingi hupata pia matone yanatayo. Watu wengi huyakwangua kwa kisu au huyafuta kwa petroli. Njia zote mbili zina hatari. Rangi ya gari si pambo tu, bali ni ngao ya bati la chuma. Mahali ilipochubuka kutu huanza, hasa pwani ambako upepo hubeba chumvi.

Aina za matone

Si matone yote yaliyo sawa. Kuna matone ya sukari, yanayodondoshwa na vidukari na wadudu wengine wafyonzao majani. Kuna gundi, kama ile ya migunga. Tena kuna ulimbo, kama ule wa misonobari ipandwayo Sao Hill, wilayani Mufindi. Ulimbo huo una sehemu kuu mbili: tapentaini, ambayo hugeuka mvuke upesi, na asidi nzito zinazobaki na kuwa ngumu. Juani tapentaini huruka, na kinachobaki huungana na oksijeni ya hewa. Ndiyo sababu tone la juma lililopita ni gumu kuliko la jana.

Kanuni

Vitu vyenye asili moja huyeyushana. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo. Sukari na gundi ya mgunga zina vikundi vingi vya hidroksili vyenye tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo huyeyuka majini. Ulimbo kwa sehemu kubwa ni kaboni na hidrojeni, nayo maji hupita juu yake bila kuugusa. Mpishi apakapo mafuta kisuni kabla ya kupasua fenesi hutumia kanuni hii: utomvu wa fenesi hushindwa na mafuta, si na maji. Spiriti ina tabia zote mbili. Huyeyusha ulimbo, na yenyewe huchanganyika na maji.

Jaribio

Chukua vipande 3 vya ulimbo vilivyo sawa. Kimoja kitie katika maji, cha pili katika spiriti, cha tatu katika mafuta ya kula. Koroga, ukae mbali na moto. Baada ya dakika 10 linganisha. Rudia kwa kutumia sukari.

Kwa nini rangi haiyeyuki?

Rangi ya kiwandani huokwa hadi molekuli zake zishikane kama wavu. Spiriti haiuvunji wavu huo, ingawa ikikaa mno huweza kuulainisha. Rangi ya nitroselulosi haina wavu. Tina au asetoni huiondoa pamoja na ulimbo. Rangi iliyopulizwa karibuni nayo isiguswe kwa viyeyushi.

Hatua za kufuata

1. Weka gari kivulini, bati lipoe.
2. Osha kwa maji na sabuni. Sukari na gundi zitalainika na kutoka, pamoja na mchanga unaokwaruza.
3. Jaribu spiriti kidogo mahali pasipoonekana.
4. Lowesha kitambaa laini kwa spiriti, ukiweke juu ya tone kwa nusu dakika, kisha uliinue bila kusugua kwa nguvu. Rudia ikibidi.
5. Osha tena, kausha, paka nta.

Petroli isitumike: mvuke wake hushika moto hata penye baridi kali, na cheche moja yatosha. Spiriti nayo huwaka; isikaribie sigara wala jiko.

Usikawie

Katika karne ya 19 sandarusi, yaani ulimbo uliokaa ardhini miaka mingi, ilichimbwa Mrima na kupelekwa kupitia Unguja hadi Salem, Marekani, kutengenezea vanishi. Ilikuwa ngumu kiasi kwamba watengenezaji walilazimika kuipasha joto kali kabla haijachanganyika na mafuta. Vanishi hiyo ilisifiwa kwa kung'arisha magari ya farasi. Ulimbo unaotuudhi leo ni jamaa wa ule uliolinda magari ya jana. Ugumu wake hukua kwa muda, basi uondolewe ungali mbichi.

Maswali

1. Kwa nini maji ya moto peke yake hayayeyushi ulimbo, ingawa huulainisha?
2. Tone limeondoka kwa maji matupu. Lilikuwa la aina gani?
3. Eleza kwa nini kiyeyushi chenye nguvu kuliko vyote si lazima kiwe ndicho kifaacho.