Kutengeneza baiskeli zilizotumika: tuanze na mteremko

Kata ya Keza, wilayani Ngara, ni nchi ya vilima. Mwenye baiskeli huisukuma kupanda akiwa ameifungia mikungu ya ndizi au gunia la maharage, kisha huipanda kuteremka. Ndiyo maana somo hili linaanza na mteremko. Baiskeli inayomfaa mtu wa mji ulio tambarare inaweza kumuua mtu hapa.

Zinatoka wapi?

Katika nchi tajiri baiskeli nyingi huachwa zikiwa bado na nguvu. Mwaka 1991 David Schweidenback, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya kujitolea huko Ecuador, alianzisha shirika la Pedals for Progress ili kuzikusanya na kuzisafirisha. Nchini Uingereza shirika la Re-Cycle hufanya kazi kama hiyo kwa ajili ya Afrika, na limewahi kupokea maelfu ya baiskeli za watumishi wa posta. Huja kwenye kontena, pedali zimefunguliwa na usukani umegeuzwa ili zienee nyingi.

World Bicycle Relief, shirika lililoanza mwaka 2005 baada ya tsunami kuipiga Sri Lanka, lilichagua njia nyingine: baiskeli mpya ya chuma iitwayo Buffalo, yenye keria ya kubeba kilo 100. Fundi akiijua moja amezijua zote. Kontena la baiskeli zilizotumika halina raha hiyo. Utakuta aina 20 ndani yake, na kila moja ina madai yake.

Namba za tairi

Hapa ndipo wengi huteleza. Baiskeli za Phoenix na Hero tulizozizoea huvaa tairi la 28 x 1½. Baiskeli nyingi za Uholanzi nazo huandikwa 28, lakini si sawa. Tazama namba ndogo ubavuni mwa tairi: ya kwanza ni 635, ya pili ni 622. Hizo ni milimita za kipenyo mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Ukivalisha tairi la Phoenix kwenye ringi ya 622 litapwaya, tyubu itatokeza na kupasuka njiani. Na 26 ni hivyo hivyo: ya baiskeli za milimani ni 559, ya zile za Kijapani zenye kikapu mara nyingi ni 590.

Kwa hiyo kabla hamjakubali msaada wowote, mtumeni mtu kwenye maduka ya Ngara mjini na Rulenge, aandike namba za tairi zinazouzwa. Mpelekeeni mfadhili karatasi hiyo. Msione haya, mfadhili mwema atashukuru.

Breki

Waya za breki zilizopata kutu zibadilishwe zote, na mipira yake pia, hata kama inaonekana nzima. Mpira wa zamani hukauka ukawa mgumu, ukateleza.

Baiskeli nyingi za Uholanzi hufunga breki kwa kurudisha pedali nyuma. Kwenye tambarare ni breki nzuri sana. Lakini kwenye mteremko mrefu, ukiwa na mzigo, habu ya nyuma hupata moto, grisi huyeyuka na breki hudhoofika. Cheni ikichomoka, breki hiyo haipo tena. Msimpe mtu baiskeli ya namna hiyo kabla ya kuifungia breki ya mkono gurudumu la mbele. Kisha fundi aijaribu kwa gunia la kilo 50 kwenye keria, kwanza kwenye kiteremko kifupi. Kuizungusha uani bila mzigo hakutoshi.

Gia za nyuma zikiwa mbovu, zinaweza kuondolewa na cheni ikafupishwa ibaki gia moja. Hakikisheni kwanza kwamba gurudumu la nyuma linaweza kuvutwa nyuma ili kukaza cheni. Fremu nyingine hazina nafasi hiyo.

Bure au kwa bei?

Pedals for Progress na wenzake waliona ni afadhali baiskeli ziuzwe kwa bei ndogo, fedha hiyo ilipe usafiri na mafundi. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Lakini mjane asiye na kitu apewe, na kamati imlipe fundi kwa ajili yake. Akipewa mwanamke, jina lake liandikwe kwenye hati mbele ya mashahidi, maana tunajua jinsi baiskeli ya mama inavyogeuka kuwa ya shemeji.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Katika kijiji chetu, ni nani anayeweza kunyoosha ringi na kubadilisha gololi? Je, ana vifaa vyake mwenyewe?

Ni mteremko gani hapa kwetu ambao watu huteremka wakishuka kwenye baiskeli na kuisukuma? Kwa nini?

Tukipata baiskeli 10 kesho, tairi za kwanza zikiisha zitanunuliwa na nani, na duka gani?