Somo la Fundi: Kufunga Injini na Giaboksi Kwenye Gari la Kujiundia



Mihogo ikishakauka, kazi inayobaki ni njia. Mwenye baiskeli anabeba magunia mawili, anasukuma kutwa nzima, na akifika sokoni anakutana na mnunuzi anayejua vizuri kwamba mtu huyu hawezi kurudisha mzigo nyumbani. Bei inashuka hapo hapo. Kwa hiyo, mtu akisimama katika mkutano huko Zongwe na kusema, "Tujiundie gari letu," wengi watapiga makofi. Tuchukue injini ya mashini ya kusaga, giaboksi na difu za pikapu iliyokufa, vyuma vya kuchomelea, basi.

Wazo si baya. Kaskazini mwa India wakulima wamefanya hivyo miaka mingi: injini ya dizeli ya pampu ya maji inafungwa juu ya fremu ya vyuma na mbao, na gari hilo wanaliita jugaad. Lakini sikilizeni mazungumzo haya, ambayo yanaweza kutokea katika kikundi chochote:

"Fundi, motere yetu ni ya nguvu. Sasa juu ya nini gari haipandi kilima?"

"Mama Prezida, nguvu iko. Inapotea njiani."

Hilo ndilo somo la leo. Injini nzuri haitoshi. Nguvu yake inahitaji njia iliyonyooka mpaka kwenye magurudumu, na breki za kuizuia. Pesa ni za wanachama wote, tena juu ya mzigo huo watapanda watu. Tusome kabla ya kuchomelea.

Anza kwa hesabu

Tuseme mna injini ya dizeli ya silinda moja, nguvu ya farasi 12, inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Kwanza pimeni giaboksi. Weka alama ya chaki kwenye shafti ya kuingilia na ya kutokea. Ingiza giya, zungusha kwa mkono, uhesabu: ya kuingilia inazunguka mara ngapi ili ya kutokea izunguke mara moja? Difu nayo ni hivyo hivyo: inua magurudumu yote mawili, zungusha shafti yake, uhesabu mpaka magurudumu yote mawili yamalize mzunguko mmoja sawasawa.

Katika mfano wetu, giya ya kwanza ni 4, ya tatu ni 1.5, ya nne ni 1, na difu ni 4. Injini inavuta kwa mkanda. Puli yake ina upana wa sentimita 12, na puli inayopokea ina sentimita 24. Kwa hiyo mkanda peke yake unapunguza mwendo mara 2. Tairi lenye kimo cha sentimita 70 linakwenda mita 2.2 kwa mzunguko mmoja. Sasa zidisha:

- Giya ya kwanza: 2 × 4 × 4 = 32. Gari linakwenda karibu kilomita 8 kwa saa.
- Giya ya tatu: 2 × 1.5 × 4 = 12. Karibu kilomita 22 kwa saa.
- Giya ya nne: 2 × 1 × 4 = 8. Karibu kilomita 33 kwa saa.

Gari likiwa na uzito wa kilo 1,500 pamoja na mzigo, kwenye njia kavu ya udongo, giya ya kwanza inaweza kupandisha kilima kinachoinuka mita 1 kwa kila mita 8. Giya ya tatu inafaa kwenye tambarare tu. Giya ya nne ifungeni kabisa, isiingie. Mwendo ule hauna faida kwenye mashimo, na breki zenu hazitauweza.

Mkiona hesabu inatoa kilomita 50 kwa saa katika giya ya kwanza, msinunue injini kubwa zaidi. Badilisheni puli. Puli ni rahisi, injini ni ghali.

Hatua sita za kufunga

1. *Angalia upande wa kuzunguka.* Washa injini, tazama inazungukia wapi, kisha linganisha na giaboksi. Mkanda wa kawaida haugeuzi mzunguko. Ukikosea hapa utapata giya moja ya kwenda mbele na nne za kurudi nyuma! Dawa ni kugeuza injini yote ielekee upande wa pili kabla ya kutoboa tundu hata moja.

2. *Usifunge puli moja kwa moja kwenye shafti ya giaboksi.* Hili ni kosa linalovunja vyuma. Shafti ile imeundwa kwa kuzungushwa, si kwa kuvutwa upande. Mkanda ukiivuta, beringi inakufa na mafuta yanamwagika. Weka shafti fupi ya katikati, ishikwe na beringi mbili imara. Upande mmoja ikae puli, upande wa pili flaiwili na klachi ya gari lile la zamani. Hapo giaboksi inapokea mzunguko tu, na klachi inafanya kazi kama kawaida. Shafti hiyo na ile ya giaboksi lazima zitazamane katikati kabisa. Zikipishana, klachi itakwaruza na giya zitakataa kuingia.

3. *Injini na shafti ya katikati zikae kwenye fremu moja ndogo.* Silinda moja inatikisa sana. Ukiweka injini juu ya mpira na shafti juu ya chuma kitupu, mkanda utakazwa na kulegea kila mara, mwisho utaruka. Fungeni vyote viwili, pamoja na giaboksi, kwenye fremu moja ngumu, halafu fremu hiyo ndiyo iwekewe mipira mizito pale inapokutana na shasi. Kila bolti iwe na nati mbili au nati ya kujifunga.

4. *Nyoosha kwa uzi.* Vuta uzi kwenye nyuso za puli mbili. Uzi uguse sehemu nne: mbili puli hii, mbili puli ile. Usipogusa zote, mkanda utaliwa upande mmoja. Kisha bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Kama puli zimeachana nusu mita, mkanda ushuke karibu sentimita 1. Ukishuka sana utateleza, usiposhuka utaua beringi.

5. *Propela shafti iwe na uhuru.* Difu inapanda na kushuka pamoja na springi. Kwa hiyo propela lazima iwe na sehemu ya kuteleza, irefuke na kufupika. Giaboksi na shingo ya difu zielekee sambamba, na uma za viungio viwili vya propela yenyewe zikae katika mstari mmoja. Ukizipishanisha, gari litatetemeka hata kwenye njia nzuri, nanyi mtalaumu injini bure. Mkipunguza urefu wa propela, mpeni fundi wa mashine ya kukereza ainyooshe. Kuchomelea kwa macho tu hakutoshi.

6. *Funika kila kinachozunguka.* Mkanda, puli na propela viwe ndani ya bati au wavu wa chuma. Kikwembe kikishikwa na mkanda, hakuna mtu mwenye nguvu ya kukivuta kirudi. Watoto nao watapenda kukaa karibu na injini. Bomba la moshi lielekee mbali na abiria, magunia na tangi la mafuta.

Breki kabla ya mwendo

Mwendo ukizidi mara 2, kazi ya kusimamisha gari inazidi mara 4. Kwa hiyo mkinunua difu, nunueni pamoja na breki zake zote, si kapi tupu. Breki ya mguu ishike magurudumu yote, na breki ya mkono iwe na njia yake yenyewe, isitegemee ile ya mguu. Mkanda ukikatika mlimani, injini haitasaidia kushikilia gari. Breki peke yake ndiyo itabaki. Ndani ya gari likae gogo la kuzuia tairi, na kwenye mteremko dereva ashuke na giya ile ile ambayo angepandia.

Jaribuni polepole

Siku ya kwanza, gari likae juu ya magogo, magurudumu hewani, injini iwake nusu saa. Gusa beringi injini ikishazimwa: ikiunguza mkono, kuna kitu hakijanyooka. Siku ya pili, gari tupu uwanjani, mfunge breki mara nyingi. Siku ya tatu, nusu ya mzigo kwenye tambarare. Baada ya kila safari kazeni nati zote. Kabla ya kuingia barabara kubwa, kamati iende kwa wakuu wa eneo kuuliza karatasi zinazotakiwa.

Gari moja si kazi yote

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la nchi. Mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa watu, na yalikwenda. Lakini hayakufika sokoni, kwa sababu pesa za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Wale walikuwa mainjinia. Nasi tujifunze: kuunda ni mwanzo, kutunza ndiyo safari. Chagueni injini ambayo vipuri vyake vinapatikana Kalemie au vinavuka ziwa kutoka Kigoma. Kila safari tengeni kiasi cha mkanda, mafuta ya injini na beringi kabla ya kugawana faida.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Mzigo wetu mkubwa kwa safari moja ni kilo ngapi? Kilima kikali zaidi kiko wapi?
- Nani atashika funguo, na nani ana haki ya kusema, "Leo gari haitoki"?
- Likiharibika katikati ya mavuno, tuna akiba ya kutengeneza?

Mkishindwa kujibu swali la tatu, ngojeni kwanza. Chuma hakiozi upesi kama mihogo, lakini deni linakua kuliko vyote viwili.