Kanisa na Wana wa Israili: Je, Wakristo Wana Kauli Moja?



Kijana mmoja katika wanafunzi wa darasa letu alitujia baada ya sala ya Isha, uso umemkunjamana. Yeye na mzee mmoja Mkristo ni majirani wa ukuta mmoja tangu kijana huyu hajajua kutembea. Wamezikiana, na kila Ramadhani sahani ya futari hutoka nyumba hii ikaenda nyumba ile, na kila Krismasi sahani hurudi na chake ndani. Siku hiyo alimsikia mzee akisoma zaburi barazani, na katika zaburi ile limo jina la Israeli, nayo yaombewa salama. Kijana hakustahimili. Akamwambia: "Mzee, kumbe nawe u katika wao! Nyinyi Wakristo nyote mwasema Mungu amewapa Mayahudi ardhi ya Falastini, na mtu aliyefukuzwa nyumbani kwake si kitu kwenu." Mzee akamjibu kwa upole: "Mwanangu, Israeli niiombeayo mimi ni sisi waumini, ndilo Kanisa." Kijana akadhani anachezewa, maneno yakawa makali, na tangu hapo hawaamkiani.

Tulimwuliza: "Umeyapata wapi haya ya kuwa Wakristo wote wasema hivyo?" Akatwambia amemsikia mhubiri mmoja wa Marekani katika simu yake. Basi tukajua ugonjwa ulipo. Ameichukua kauli ya kundi moja, ambayo umri wake ni kama miaka mia mbili tu, akawavika watu wa makundi yote na wa karne zote. Na Mwenyiezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Aal Imran ya kuwa Ahlul Kitabi si wote sawa. Kwa hivyo tumeona ni wajibu wetu kuyaeleza mas'ala haya kama wenyewe wayaelezavyo, maana mwenye kujibu asilolijua hujijibu nafsi yake.

Tuanze na neno lenyewe. "Kanisa" tumelipokea kwa Waarabu, nao walilipata katika Kiarami, na asili yake ni mkusanyiko wa watu. Mayahudi nao nyumba yao ya ibada huiita kwa neno la asili hiyo hiyo, na hata baraza la kutunga sheria la dola yao, Knesset, jina lake ni ndugu wa neno hili. Ama kwa Kiyunani, lugha ya Agano Jipya, Kanisa huitwa ekklesia, na Mayahudi waliofasiri Taurati kwa Kiyunani, kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), walikuwa wamekwisha kulitumia neno hilo kwa mkutano wa Wana wa Israili mbele ya Mola wao. Basi wafuasi wa kwanza walipojiita kwa jina hili hawakuzua kitu. Walikuwa wakilidai jina la watu wa kale, na hapo ndipo lilipo shina la khitilafu yote.

Nao wale wa kwanza wote walikuwa Mayahudi. Mzozo ulikuja walipoingia watu wa mataifa mengine, ikaulizwa: watahiriwe au wasitahiriwe? Wazee wa Yerusalemu wakaamua wasilazimishwe, kama ilivyoandikwa katika Matendo ya Mitume mlango wa 15. Lakini mtu asiyetahiriwa wala kushika sharia ya Musa (A.S.), atakuwaje mrithi wa ahadi aliyopewa Ibrahimu (A.S.)? Paulo aliwaandikia Wagalatia ya kuwa urithi huo ni kwa imani, si kwa nasabu. Jibu hilo likazaa swali zito zaidi: ikiwa wageni wameingia, wenyeji waliokataa wamekuwaje?

Hili alilijibu katika barua yake kwa Warumi, mlango wa 9 hata wa 11, na huo wa 11 ndio uwanja wa mapambano ya Wakristo mpaka leo. Alipiga mfano wa mzeituni. Mizizi yake ni mababa wa kale. Baadhi ya matawi ya asili yamekatwa, na mahali pao yamepandikizwa matawi ya mzeituni mwitu, yaani watu wa mataifa. Kisha akawaonya hao wa mwituni wasijitukuze juu ya waliokatwa, kwani wao hawaichukui mizizi, bali mizizi ndiyo iwachukuayo. Na aliyekata yale aweza kuyarudisha. Mwisho akasema ya kuwa Israeli yote itaokoka, na ya kuwa Mungu hazirejeshi zawadi zake. Sasa hiyo "Israeli yote" ni nani? Ni Mayahudi kwa damu? Ni waumini wote wa kila kabila? Au ni Mayahudi wachache walioamini katika kila zama? Kila kauli katika hizi ina wanachuoni wake, na maneno wayasomayo ni yale yale.

Baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70 makundi mawili yalizidi kuachana. Akatokea mtu jina lake Marcion, ambaye Kanisa la Roma lilimtoa mwaka 144 hivi, akataka Wakristo wavitupilie mbali vitabu vyote vya Mayahudi. Wakamkataa; na lau wangalimfuata, mzee wetu wa barazani asingalikuwa na zaburi ya kusoma leo. Zama hizo hizo aliishi Justin, mzaliwa wa Nablus, katika ardhi hiyo hiyo ya Falastini. Yeye aliandika kitabu cha majadiliano yake na Myahudi aitwaye Trypho, akadai ya kuwa Israeli ya kweli, ya kiroho, sasa ni Kanisa. Kauli hii ya Kanisa kushika mahali pa Israili ndiyo iliyotawala kwa karne nyingi, Mashariki na Magharibi. Basi jawabu la yule mzee halikuwa hila. Lina umri wa karne kumi na nane na zaidi.

Lakini tusidhani ya kuwa kauli hii ilikuwa rehema kwa Mayahudi. Augustine, askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Aljeria, aliyefariki mwaka 430, alifundisha wasiuawe, ila waachwe wametawanyika, wawe mashahidi wa kusadikisha vitabu vya kale. Huo ndio uliokuwa upole! Walioshuka chini ya hapo hawakuwa na upole wowote: mwaka 1096 makundi ya Vita vya Msalaba yaliwachinja Mayahudi wa Worms na Mainz hata kabla ya kufika kwetu Mashariki. Na mwaka 1215 mkutano mkuu wa maaskofu huko Lateran uliamuru Mayahudi wavae mavazi ya kuwatambulisha, na Waislamu waliokuwa chini ya Wakristo pamoja nao. Katika kanisa kuu la Strasbourg ziliwekwa sanamu mbili za wanawake: mmoja ni Kanisa, amevaa taji, wa pili ni Sinagogi, amefungwa kitambaa machoni na mkuki wake umevunjika. Asiyejua kusoma aliisoma itikadi hiyo katika jiwe.

Waprotestanti wa madhhebi ya Calvin waliisema kwa namna nyingine: watu wa Mungu ni umma mmoja tangu Ibrahimu, na agano ni moja lililobadilika sura. Ndiyo maana huwabatiza watoto wachanga, kwani ubatizo kwao umekuwa mahali pa tohara. Wabaptisti hawakubali, nao hungoja mtu akiri imani kwa ulimi wake. Wengi wetu twaiona khitilafu hii ya maji bila ya kujua ya kuwa chini yake lipo swali la Israili.

Ama kauli ya yule mhubiri wa simuni, mwenye kuieneza sana ni John Nelson Darby, aliyezaliwa London mwaka 1800 na kufa mwaka 1882. Huyu aligeuza mambo: akasema Israeli na Kanisa ni watu wawili mbalimbali, mmoja wa duniani na mmoja wa mbinguni, na ahadi walizopewa Mayahudi, pamoja na ardhi, hazikuhamia kwa yeyote bali zangoja kutimizwa kwao kwa dhahiri yake. Mafunzo haya yalichapishwa Marekani katika Biblia ya Scofield mwaka 1909, tafsiri zake zikiwa chini ya maandiko katika ukurasa mmoja, hata msomaji wa kawaida akachanganya maneno ya mfasiri na ya Kitabu. Ilipoundwa dola ya Israeli mwaka 1948, na Yerusalemu ya Kale ilipotwaliwa mwaka 1967, wafuasi wa kauli hii waliona ni bishara kutimia. Na Waarabu waliotolewa majumbani mwao hawakuwa na mahali katika hesabu hiyo.

Wakatoliki nao wameshika njia isiyokuwa hiyo wala ile ya Justin. Tarehe 28 Oktoba 1965 maaskofu wao walipitisha tamko liitwalo Nostra Aetate, kwa kura 2,221 dhidi ya 88. Waliurejea mzeituni wa Paulo, wakasema Mayahudi wasihisabiwe kuwa wamelaaniwa au wametupwa na Mungu. Na katika tamko hilo hilo mna maneno ya heshima juu ya sisi Waislamu. Papa John Paul II akiwa Mainz mwaka 1980 aliongeza ya kuwa Mungu hakulitangua agano lile la kale. Lakini kutotupwa kwa watu si hati ya shamba, na tamko lile halikutaja dola wala mipaka. Maaskofu wa nchi za Kiarabu waliogopa tangu mwanzo lisije likafasiriwa kwa siasa.

Na waulizwe Wakristo wa Falastini wenyewe, ambao mateso haya ni yao kama yalivyo ya Waislamu. Padri Naim Ateek, Mwanglikana, alizaliwa Beisan mwaka 1937, na mwaka 1948 yeye na jamaa zake wakatolewa mjini kwao. Katika kitabu chake cha mwaka 1989 ameeleza jinsi Agano la Kale lilivyokuwa zito kwa watu wake kulisoma, jina la Israeli lilipokuwa ni jina la dola iliyowatoa. Mwaka 2006 Patriarki wa Kilatini wa Yerusalemu, Michel Sabbah, pamoja na maaskofu wa Kisiria, wa Kianglikana na wa Kilutheri, walitia saini tamko la kuikataa itikadi ya Usayuni wa Kikristo, wakaiita mafunzo ya uongo. Kijana wetu aliposikia haya aliinamisha kichwa.

Sisi misingi ya Paulo hatuikubali, na si hapa mahali pa kumjibu. Lakini twaona ya kuwa katika kauli zote hizi iliyo dhaifu mno ni ya Darby, hata kwa mizani ya vitabu vyao. Manabii wa Wana wa Israili hawakuacha kuwaonya ya kuwa wakidhulumu watang'olewa katika ardhi, na Mwenyiezi Mungu alipomwahidi Ibrahimu (A.S.), alimwambia ya kuwa ahadi yake haiwafikii madhalimu. Wakristo wengi wasomi wamesema karibu na hayo, pasina kutuuliza sisi.

"Basi niende nikamwambie nini?" kijana akauliza. Tukamwambia: mwombe radhi kwanza, kisha umwulize aifahamuvyo Warumi 11, nawe umsikilize mpaka amalize. Alikwenda Ijumaa baada ya Alasiri, akarudi kwetu usiku anacheka. Mzee amempokea kwa kahawa, akamweleza ya kuwa ana ndugu yake tumbo moja aliyehamia kanisa jingine, naye asema kama yule mhubiri wa Marekani. Na wawili hao wamebishana juu ya mlango huo huo mwaka wa ishirini sasa.