PRESHA NA MOYO: KWA NINI MOYO MKUBWA SI MOYO WENYE NGUVU



Mtu anapimwa kliniki, anaambiwa ana presha, anapewa dawa. Baada ya miezi miwili anajisikia mzima, kwa hiyo anaziacha. Miaka inapita. Siku moja anarudi akiwa amevimba miguu, pumzi inamkatika, na usiku hawezi kulala chali. Somo hili linaeleza kilichotokea ndani ya kifua chake kati ya siku hizo mbili.

Presha ni nini?

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi yako. Hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Hata ukiwa umepumzika, husukuma kiasi cha lita 5 za damu kila dakika, yaani robo ya dumu la maji la lita 20. Kwa siku nzima ni zaidi ya madumu 350.

Damu inapopita, husukuma kuta za mishipa. Nguvu hiyo ndiyo shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita presha. Hupimwa kwa namba mbili. Namba ya juu ni nguvu wakati moyo unaposukuma, na ya chini ni nguvu wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Chini ya 120/80 ni nzuri. Ukipimwa siku tofauti na bado ni 140/90 au zaidi, una presha.

Moyo hunenepaje?

Moyo una vyumba 4. Chumba cha chini upande wa kushoto ndicho kinachosukuma damu mwilini kote, na ndicho kinachobeba mzigo wa presha. Kwa mtu mzima mwenye afya, ukuta wake una unene wa karibu sentimita 1 tu.

Hatua ya 1: Ukuta unanenepa. Mwangalie kijana anayebeba magunia soko la Konyo Konyo. Mabega yake hukua kwa sababu ya mzigo. Moyo nao hufanya hivyo. Mishipa ikiwa migumu na myembamba, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na kila chembe ya msuli wake hunenepa. Lakini mbeba magunia hutua mzigo jioni akalala. Moyo wenye presha hautui mzigo usiku wala mchana. Katika hatua hii mgonjwa kwa kawaida hasikii chochote.

Hatua ya 2: Ukuta unakuwa mgumu. Ili moyo usukume damu, lazima kwanza ulegee na kujaa. Ukuta mnene haulegei vizuri, kwa hiyo damu hujirundika nyuma, kwenye mapafu, na mtu huanza kuhema akipanda mlima au akibeba maji. Kuna tatizo jingine pia. Msuli umekua, lakini mishipa midogo inayoulisha haikukua kwa kiasi hicho. Ni kama familia iliyoongezeka watu huku mgao wa chakula ukibaki ule ule. Msuli unakaa na njaa, unapata makovu, na mapigo ya moyo yanaweza kwenda ovyo.

Hatua ya 3: Moyo unachoka. Kwa wagonjwa wengine, msuli ulionenepa hudhoofika na chumba kutanuka, kama mpira uliovutwa mpaka ukalegea. Hapo ndipo watu husema "moyo umekuwa mpana". Hausukumi damu ya kutosha, na maji hujaa miguuni, tumboni na kwenye mapafu.

Si kila mgonjwa hupita hatua hizi kwa mpangilio huu. Lakini presha isiyotibiwa huelekea huko.

Je, ni ugonjwa wa wazee na matajiri?

Hapana. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kazi katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Sudan, Uganda, Kenya na Ethiopia. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na presha ndiyo iliyokuwa sababu kwa karibu wagonjwa 45 katika kila 100. Hao ni watu ambao bado wanalima, wanafanya biashara na kulea watoto.

Dalili za hatari

Nenda kliniki mapema ukiona haya:
- Kuhema kwa kazi ndogo uliyokuwa ukiifanya bila shida.
- Kuamka usiku ukitafuta hewa, au kuhitaji mito mingi ili ulale.
- Miguu yote miwili kuvimba.
- Moyo kwenda mbio au kurukaruka.

Usingoje hata saa moja, nenda hospitali, ukiona maumivu makali ya kifua, uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu ghafla, au kushindwa kuongea.

Je, moyo ulionenepa unaweza kupona?

Habari njema ni kwamba unaweza kupungua. Presha ikishushwa na kubaki chini, unene wa msuli hupungua kwa miezi na miaka. Makovu ya zamani huenda yasiondoke, ndiyo maana inafaa kuanza mapema.

Ufanye nini?

1. Pima. Kichwa kuuma si kipimo cha presha. Kabla ya kupimwa, nenda haja ndogo, kaa kimya dakika 5, egemeza mgongo, na mkono uwe usawa wa moyo.

2. Meza dawa kila siku, hata ukijisikia mzima. Kujisikia mzima hakumaanishi kwamba presha imekwisha. Usiazime dawa ya jirani. Dawa kama enalapril na losartan hazifai kwa mama mjamzito, kwa hiyo mwambie mhudumu ukiwa na mimba au ukitarajia kupata.

3. Punguza chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo tayari kwenye chakula. Samaki wakavu wa chumvi waloweke, umwage maji. Punguza vidonge vya mchuzi. Usiache kabisa chumvi yenye madini ya joto, bali itumie kidogo.

4. Tembea au fanya kazi ya mwili kila siku kadiri unavyoweza. Acha tumbaku na punguza pombe.

5. Jiandae kwa safari. Desemba 2013 na Julai 2016, watu wengi wa Juba walikimbia na kile walichoshika mkononi tu. Weka kadi ya kliniki na jina la dawa yako kwenye mfuko wa plastiki pamoja na hati zako. Ukijua unahama, iwe unatoka Gorom, unarudi kijijini au unavuka mpaka, pitia kliniki kwanza uombe dawa za njiani.

Maswali ya kujadili nyumbani au kwenye kikundi

1. Kwa nini msuli wa moyo ukinenepa si jambo zuri kama msuli wa mkono?
2. Jirani amesema, "Nimepona presha, nimeacha dawa." Utamjibu nini?
3. Nani nyumbani kwako amepita miaka 40 na hajapimwa presha mwaka huu?

Ukiwa na jibu la swali la tatu, mlete mtu huyo kliniki wiki hii. Kupima hakuchukui hata dakika 10.