Mchezo wa Kariakoo na boom yetu

Ukishuka mwendokasi pale Gerezani ukatembea hadi Mtaa wa Kongo, unaingia kwenye darasa la fedha lisilo na projekta. Somo la leo tunalichukua huko.

Chukua mfano wa wafanyabiashara kumi wanaocheza mchezo. Kila jioni kila mmoja anatoa 10,000, na mmoja wao anaondoka na 100,000. Baada ya siku kumi, kila mtu ametoa laki na amepokea laki. Faida ni sifuri. Sasa wanacheza kwa nini? Kwa sababu wanapata nidhamu na tarehe. Anayepokea Ijumaa anajua mapema kwamba Jumamosi ataongeza mzigo. Hela hiyo ingebaki mfukoni, ingeisha kidogokidogo kwa vocha na chipsi.

Linganisha na DECI. Watu "walipanda mbegu" wakiahidiwa kuvuna zaidi, mpaka serikali ikaisimamisha mwaka 2009. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, hapa hapa mjini, iliwatia hatiani viongozi wake. Nao pia uliitwa upatu. Tofauti iko kwenye swali moja: hela ya kunilipa mimi inatoka wapi? Kwenye mchezo inatoka kwa watu tisa unaowafahamu na mfuko wako mwenyewe. Kule ilitoka kwa atakayejiunga kesho, na siku asipokuja mtu, imekula kwako.

Kwa hiyo mpango halisi wa fedha unajibu maswali matatu: inatoka wapi, inakwenda wapi, lini. Anayekuja hosteli na "fursa" kabla hajakuuliza hata moja, huyo hakupangii. Anakuuzia.

Tujaribu kwa boom. Tuseme umepokea 600,000 ya siku 60. Kabla hujagusa kitu, toa yasiyokwepeka: chumba 160,000, fotokopi na bando 80,000. Kisha toa 60,000 ya dharura uiweke mbali na simu unayolipia kila siku. Hiyo ndiyo itakayokuokoa na kausha damu siku ukiumwa au ukipigiwa simu kutoka nyumbani. Zimebaki 300,000, yaani 5,000 kwa siku.

Hiyo 5,000 ndiyo kipimo chako. Raba za 40,000 za Mtaa wa Kongo si "bei poa". Ni siku nane za kula. Zinunue ukitaka, ila zihesabu kwa siku, usizihesabu kwa shilingi. Wengi wetu hatufilisiki kwa kukosa hela. Tunafilisika kwa sababu wiki ya kwanza tunaishi kama vile boom ni ya wiki mbili.

Na tusisahau inatoka wapi. Kwa tuliokopeshwa na Bodi ya Mikopo, boom ni deni. Tangu mwaka 2016 sheria inataka mwajiriwa mwenye deni hilo akatwe asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Raba zitachanika mwaka huu, na utazilipia ukiwa kazini.

Zoezi: kabla boom ijayo haijaingia, andika kwenye karatasi moja majibu ya yale maswali matatu. Mwonyeshe mwenzako wa chumba. Msome pamoja tena siku ya 30, muone nani bado yuko kwenye mstari.