Nywele nyembamba, ngozi inayowasha: soma nyuma ya chupa

Mwenye nywele nyembamba akija saluni huja na mfuko wa chupa zilizoishia nusu. Moja ilisifiwa na jirani, nyingine ilitangazwa redioni, ya tatu alipewa na shangazi aliyerudi kutoka Muscat. Zote zimemkausha, na sasa anataka nimtajie ya nne. Jina huwa sitoi, maana bidhaa hubadilishwa viungo huku jina likibaki lilelile, na maji ya kwake si ya kwangu. Ninachoweza ni kumwonyesha namna ya kuichagua mwenyewe. Jambo la kushika mapema ni hili: shampuu huchaguliwa kwa ajili ya ngozi ya kichwa. Nywele zenyewe ni kazi ya kondishena.

Nitajuaje kama nywele zangu ni nyembamba, na si chache tu?

Hayo ni mambo mawili. Wembamba ni wa unywele mmoja mmoja. Uchache ni wa idadi. Chukua unywele uliobaki kwenye kitana, uviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa kama hujashika kitu, ni mwembamba. Ukiusikia vizuri kama uzi wa cherehani, ni mnene. Wapo watu wenye nywele nyembamba lakini nyingi kiasi cha kumchosha msusi.

Ukishajua, unajua pia cha kuepuka. Unywele mwembamba haubebi uzito: shampuu iliyojaa siagi ya shea na mafuta mazito huulaza ukaonekana mchafu siku ileile uliooshwa. Na kwa nywele za kipilipili kuna la ziada. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi hayateremki kirahisi kwenye mizunguko ile, kwa hiyo shina linaweza kuwa na mafuta tele na ncha zikawa kavu kama nyasi. Mtu huyo akinunua shampuu kali kwa ajili ya shina, ncha zinakatika. Akinunua nzito kwa ajili ya ncha, shina linaziba.

Nikiwa dukani, niangalie nini kwanza?

Igeuze chupa. Mbele ni matangazo, nyuma ndiko kuna habari. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1, ambavyo huweza kupangwa vyovyote. Cha kwanza karibu kila mara ni maji, yakiandikwa "aqua" au "water". Jina la pili, la tatu na la nne ndiyo sabuni yenyewe, na hapo ndipo uamuzi ulipo.

Ukikuta "sodium lauryl sulfate" nafasi ya pili, na ngozi yako ni nyepesi kuwasha, irudishe rafuni. Watafiti wa magonjwa ya ngozi wanapotaka kuiwasha ngozi makusudi ili waichunguze, hiyo ndiyo kemikali wanayoipaka. "Sodium laureth sulfate" inafanana nayo kwa jina lakini ni pole kidogo. Majina ya kutafuta ni "sodium cocoyl isethionate", "decyl glucoside", "coco-glucoside" na "disodium laureth sulfosuccinate". Huna haja ya kuyakariri. Piga picha kwa simu uende nayo dukani.

Tena usihukumu kwa jina moja. "Cocamidopropyl betaine" ikiwekwa pamoja na sabuni kali huipunguza makali. Kwa hiyo chupa yenye laureth na betaine inaweza kukufaa kuliko unavyodhani, na mara nyingi bei yake ni nafuu.

Iliyoandikwa "bila salfeti" si inatosha?

Haitoshi. Kiwanda kinaweza kuondoa salfeti kikaweka "sodium C14-16 olefin sulfonate", ambayo nayo inasafisha kwa nguvu, na maandishi ya mbele yakabaki ya kweli kabisa. Vivyo hivyo neno "hypoallergenic" kwenye chupa zinazotoka Marekani: sheria ya huko haina kipimo cha neno hilo, kila kampuni hulitumia kwa maana inayoitaka.

Natumia shampuu ya mtoto kwa kuwa ni laini. Nakosea?

Hukosei, ila haikutengenezwa kwa shida yako. Ya mtoto hutengenezwa isichome macho, na machozi yana uchachu tofauti na wa ngozi ya kichwa. Sabuni yake ni pole, sawa. Lakini ikiwa unapaka jeli na mafuta wiki nzima, haitaondoa vyote, na yanayobaki ndiyo yanayowasha.

Mama, shikamoo. Niko Mombasa, maji yetu ni ya kisima. Kila shampuu inagoma kutoa povu, na nywele zikikauka zinakuwa ngumu kama kamba. Ninunue ipi?

Marahaba, mwanangu. Kabla hujanunua nyingine, tuyaangalie hayo maji. Visima vingi vya mwambao vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa, na bahari iko jirani. Maji yake hubeba kalsiamu na magnesiamu, na pengine chumvi ya bahari yenyewe. Madini hayo yakikutana na sabuni ya kawaida yanagandana nayo kuwa utando mweupe, uleule unaouona ukingoni mwa beseni. Ndoo inaoshwa ukatoka. Kichwani unabaki, na kwenye nywele nyembamba unajionyesha mapema: hazing'ai, zinakwaruza, zinanasana.

Sabuni za shampuu hazigandi hivyo, lakini hupungukiwa povu, nawe ukaongeza kiganja cha pili na cha tatu. Usiongeze. Povu si kipimo cha usafi. Tafuta chupa yenye "disodium EDTA" au "tetrasodium EDTA" kati ya viungo vya mwishomwisho. Kazi yake ni kuyashika madini yasisumbue. Kisha weka akiba ya maji ya mvua, au ya kununua ukiweza, lita mbili tu, kwa suuza ya mwisho. Kijiko kimoja cha siki ndani ya lita moja ya maji hayo kinasaidia kuondoa utando, lakini si kila mara unapoosha, na kamwe si kwenye ngozi yenye michubuko. Kikombe kizima cha siki, kama wengine wanavyoshauriana, kitakuchoma bure.

Ukifanya hivyo mwezi mmoja na nywele zikalainika, utagundua chupa zako za zamani hazikuwa na kosa kubwa.

Sabuni ya mche je? Na magadi?

Hapa nitataja kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni ukali wa magadi. Ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, unywele wenyewe chini zaidi, karibu na 3.7. Sabuni ya mche huwa 9 au 10. Magadi ya jikoni ni makali kuliko hiyo. Ukiosha kwa vitu hivyo, magamba madogo yanayofunika unywele hufunguka, unywele unavimba kwa maji, unasuguana na wenzake na kukatika. Nywele nene huvumilia kwa muda. Nyembamba hazina akiba.

Wala usidhani kila kilichoandikwa shampuu kiko salama kwa kipimo hicho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la kimataifa la sayansi ya nywele ulipima shampuu 123. Zilizokuwa na pH ya 5.5 au chini yake zilikuwa kama asilimia 38 tu. Zile za kutumiwa saluni zilifanya vizuri kuliko za madukani. Karatasi za kupimia pH huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara; tone moja linatosha kukujibu.

Bibi yangu Unguja aliosha nywele kwa majani ya mkunazi. Ni imani tu?

Si imani. Majani ya mkunazi yana saponini, ambayo hutoa povu na kushika uchafu, na Oman na Ghuba yote unga wa majani hayo bado unauzwa kwa kuoshea nywele. Unasafisha kwa upole. Kasoro yake ni ya kikazi: usipochekecha unga kwa kitambaa chepesi, vipande hunasa kwenye nywele na kuwasha siku tatu. Na haushindi jeli wala mafuta ya petroli. Kwa anayepaka mafuta ya nazi kidogo na kufunga mtandio, unafaa sana.

Kichwa kinawasha kila nikiosha. Ni shampuu au ni mba?

Mba wa kawaida ni wa mafuta: ngozi ina wekundu, magamba ya njano yenye kunata, na ukipaka mafuta unazidi. Huo unataka shampuu ya dawa, kwa mfano yenye ketokonazoli, si shampuu laini. Ukavu hutoa vumbi jeupe jepesi, na ngozi inabana baada ya kuosha. Mtoto mwenye mabaka yaliyonyonyoka nywele usimtafutie shampuu kabisa. Huenda ni mapunye, na hayo hutibiwa kwa vidonge anavyoandika daktari.

Mzio nao una alama yake. Kwa kuwa shampuu husuuzwa, mara nyingi hujitokeza pale povu linapopita: kope, nyuma ya masikio, shingoni. Watuhumiwa wakubwa ni manukato, yaliyofichwa kwenye neno moja "parfum" au "fragrance", na kihifadhi "methylisothiazolinone". Chama cha wataalamu wa mzio wa ngozi cha Marekani kilikitangaza kihifadhi hicho kuwa kizio cha mwaka 2013. Cocamidopropyl betaine niliyoisifu hapo juu ilipewa cheo hichohicho mwaka 2004. Upole kwa wengi haumaanishi upole kwako. Paka shampuu iliyochanganywa na maji mengi kwenye kiwiko kwa ndani, suuza baada ya dakika chache, rudia siku mbili tatu. Pakiwasha, iache.

Saluni yetu wanaosha kwa shampuu ya dumu. Kuna ubaya?

Dumu halina ubaya likiwa na lebo, alama ya TBS au ya KEBS, na tarehe. Ubaya ni maji. Saluni nyingi huongeza maji ili dumu lifike mwisho wa mwezi, na kihifadhi kilichopimwa kwa ujazo fulani kinakuwa chepesi, bakteria wakapata makazi. Shampuu iliyozimuliwa ikishakaa siku kadhaa hubadilika harufu. Inuse kabla hujalaza kichwa kwenye sinki. Ukitaka kuzimua nyumbani, zimua ya siku hiyo tu.

Nioshe mara ngapi, na vipi?

Nywele za kipilipili zilizo nyembamba na kavu, mara moja kwa wiki au kila siku kumi. Za singa zitahitaji zaidi. Paka mafuta kidogo ya nazi usiku wa kuamkia kuosha. Watafiti wa India walionyesha mwaka 2003 kwamba mafuta hayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea, jambo ambalo mafuta ya alizeti na ya madini hayakufanya. Kijiko cha chai kinatosha.

Lowesha vizuri, gawanya mafungu manne, weka shampuu kwenye ngozi tu na sugua kwa ncha za vidole, si kucha. Ncha za nywele zitaoshwa na povu linaloteremka. Ukiwa umesuka, tumia chupa yenye mdomo mwembamba ufuate mistari. Suuza mpaka maji yawe meupe, kisha suuza tena nyuma ya shingo, ambako karibu kila mtu huacha sabuni.

Ya bei ghali ni bora?

Sabuni pole hugharimu zaidi kutengeneza, kwa hiyo ya bei ya chini kabisa mara nyingi ni kali. Baada ya hapo unalipia manukato na chupa. Vitamini na keratini zilizochorwa mbele hukaa kichwani dakika mbili kisha nyingi yake inakwenda na maji; fedha hiyo ipeleke kwenye kondishena nyepesi.